Kipindi cha kwanza cha kuchora, watoto wa chekechea, nianzie wapi jamani?

MadamBuhongwa
Habari za jioni wadau, naombeni ushauri hasa walimu wa watoto wadogo. Nimepata kazi juzi tu kwenye chekechea moja huku Buhongwa, watoto wana miaka 4 mpaka 5, darasa limefurika na msaidizi ni mmoja ambaye naye muda mwingi yuko njiani kupeleka watoto chooni. Wiki ijayo naanza kipindi cha kuchora, dakika 40, nilichopewa ni krayoni boksi mbili na rimu moja ya karatasi basi. Mkuu wangu anataka niprinti samaki, kila mtoto apake rangi bila kutoka nje ya mstari, halafu tubandike ukutani wazazi waone siku ya kikao. Mimi moyo unakataa ila sina hoja ya kumpa. Nyie mngeanzaje?

Mwl_Nyakato
Hongera kwa kazi mdogo wangu. Kwanza hizo dakika 40 ni nyingi mno, mtoto wa miaka 4 akikaa dakika 15 anachora shukuru Mungu, muda uliobaki imbeni, naweni mikono, kila mtu aonyeshe kazi yake.

Siku ya kwanza usihangaike na picha kabisa, fundisha utaratibu, krayoni inachukuliwa wapi, inarudishwa wapi, haiingii mdomoni wala puani (utacheka ila utaona mwenyewe). Na hizo krayoni zivunje katikati, kwanza zitatosha, halafu kipande kifupi mtoto hawezi kukishika kwa ngumi, inabidi atumie vidole, na vidole hivyo hivyo ndo vitakuja kushika penseli. Baada ya hapo waambie wachore mvua inavyonyesha, upepo wa ziwani, bodaboda inapanda kilima cha Bugando, mistari tu. Ukiona mtu ana kichwa na miguu imetokea hapo hapo kichwani, hana tumbo, usimsahihishe, umri huo wengi ndo wanavyochora na tumbo litakuja lenyewe.

Ngosha_Mabango
Mwangaluka! Mimi sio mwalimu, naandika mabango ya maduka hapa Mabatini, ila rangi nazijua. Madam krayoni za nini wakati Mwanza mawe yapo kila uwanja? Nunua chaki za rangi, toa watoto nje wachore kwenye mawe, mvua ikipiga inafuta wanaanza upya, karatasi hujagusa. Chaki ichovye kwenye maji kwanza, rangi inakolea na vumbi halirukiruki.

Ukifika kwenye rangi za maji wape njano na bluu tu. Waanze na njano, bluu waongeze kidogo kidogo maana bluu ikizidi inameza njano yote, na usiwaambie kitatokea nini, kaa kimya uwasikilize watakavyopiga kelele kijani ikitokea. Ukiwapa rangi zote siku moja utavuna tope, kila karatasi tope.

Mwl_Nyakato
Ngosha wazo la mawe nalipenda ila iwe asubuhi mapema, mchana jiwe linachoma makalio ya mtoto. Na wale mijusi wa kichwa chekundu na mwili wa bluu, akitokeza mmoja tu kipindi kimeisha, darasa zima linamkimbiza yeye 😂

BabaWawili_Igoma
Naongea kama mzazi. Wangu aliwahi kuja na samaki kapakwa safiii hajatoka nje hata nukta, shule siitaji, namuuliza umepaka mwenyewe? Akasema kapaka madam, mimi nimeandika jina. Naangalia jina, hata jina kaandika madam. Sa mimi hapo nimeona nini cha mwanangu? Bora mchoro wa hovyo lakini chini pameandikwa alichosema mtoto, "huyu ni bibi anaanika dagaa", hiyo hata mkuu wako ataielewa na wazazi watasimama hapo ukutani wanasoma.

MadamBuhongwa
Asanteni sana, hiyo ya maneno ya mtoto nimeichukua. Ila mkuu samaki wake anamtaka na kikao ni mwisho wa mwezi, nifanyeje?

SatoMbichi
Mpe samaki, ila wa kweli. Pita Mwaloni Kirumba asubuhi chukua sato mmoja, usimpasue wala usimpare magamba. Siku hiyo hiyo watoto waanze kumgusa, mapezi yanachoma wapi, magamba yamelala kuelekea wapi, jicho likoje. Halafu mfute akauke vizuri, mdomo uzibe na tishu asimwage maji, mpake upande mmoja uji mwepesi wa unga wa ngano wenye rangi ya chakula, laza karatasi juu, mtoto abonyeze kwa viganja, mfunue. Magamba yote yanatoka kwenye karatasi! Uji ukiwa mzito hakitoki kitu, linatoka doa tu. Watano watano, wengine wanachora na msaidizi, na wakimaliza wote wanawe kwa sabuni. Huyo sato asiliwe lakini, kashikwa sana.

MadamBuhongwa
Weee hii mkuu hawezi kukataa. Swali moja, rangi ya chakula inatoka kwenye sare? Sare zetu ni nyeupe juu.

SatoMbichi
Nyekundu inasumbua sana kutoka, tumia bluu na hata hiyo usiiamini. Agiza kila mtoto aje na shati kuukuu la baba, avae nyuma mbele, mikono ikunjwe.