Naomba ushauri: vyuo vidogo na utambulisho wa kaskazini mwa Ohio

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu vyuo vidogo vya Marekani ya mwanzo, nimekwama sura ya pili.

Nimechagua kaskazini mashariki mwa Ohio, eneo lililowahi kudaiwa na jimbo la Connecticut, likajaa walowezi kutoka New England (majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani). Mwaka 1826 walianzisha Western Reserve College mjini Hudson, wakiiga chuo cha Yale cha Connecticut hadi majengo ya matofali. Mwaka 1833 ikaja Oberlin, chuo kingine cha eneo hilo. Hiyo ndiyo inayonigusa: 1835 iliamua kupokea wanafunzi weusi, na 1837 wanawake wanne wakaanza kusomea shahada, wakati ng'ambo ya Mto Ohio, kule Kentucky, utumwa ulikuwa halali!

Msimamizi wangu anauliza: vyuo ndivyo vilivyowajenga walowezi hao, au walihamia na tabia zao tayari? Naamini vyuo vilichangia sana, kwa kuwa vilitoa walimu na wachungaji, ila ushahidi wangu ni hotuba za viongozi tu. Nimfikieje mkulima wa kawaida: kwa magazeti ya miji, au kumbukumbu za makanisa? Na nikilinganisha na Transylvania, chuo cha Lexington kule Kentucky, nitakuwa nimetanua mno?

Natanguliza shukrani.