Ufunguo wa Harrier umeingia maji ya bahari, niko Kigamboni, nifanyeje?

MamaNuru
Wakuu, naomba msaada wa haraka. Tuko ufukweni Kigamboni na familia. Wimbi lilimbeba mwanangu wa mwisho, nikaingia kumtoa na nguo zangu zote. Mtoto yuko salama, namshukuru Mungu. Ila ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni. Ni Harrier ya kuwasha kwa kitufe. Nabonyeza rimoti, kimya, milango haifunguki. Ufunguo wa akiba anao baba watoto, naye yuko Dodoma kikazi. Watoto wamelowa na jua linazama. Nawezaje kufika nyumbani Tabata, na huu ufunguo utapona?

KakaSinza
Pole sana dada. Ukipata mchele hapo kwa mama ntilie, ufukie humo mpaka kesho. Simu yangu ilipona hivyo.

FundiGerezani
Dada pole, na hongera kwa kumuwahi mtoto. Mchele acha kabisa, hata kama huyo kaka amesema kwa nia njema. Mimi kazi yangu ni funguo za magari, na rimoti zilizoingia maji ya chumvi nazijua.

Kwanza usibonyeze tena. Kila ukibonyeza, umeme wa betri unapita kwenye maji ya chumvi na shaba ya saketi inaliwa. Ubavuni mwa rimoti kuna kitufe kidogo cha kusogeza. Kisogeze uvute, utatoka ufunguo wa chuma. Huo unafungua mlango wa dereva. King'ora kikilia usishtuke, gari likiwaka kitanyamaza.

Sasa kuwasha. Kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, upande wenye nembo ya Toyota. Ukisikia mlio, bonyeza kitufe. Ndani ya rimoti kuna chipu isiyotegemea betri. Gari lenyewe linaipa nguvu ikiwa karibu, na mara nyingi maji hayaidhuru. Kwa hiyo betri hata ikifa utafika nyumbani.

Ila kabla hujaondoka, fungua rimoti. Pale ulipochomoa ufunguo wa chuma pana upenyo, tanua taratibu kwa ncha ya huo huo ufunguo. Toa betri, ukiangalia alama ya + imeelekea wapi. Halafu suuza bodi, ile sahani ya saketi iliyo ndani ya rimoti, kwa maji ya kunywa ya chupa. Maji ya kisima hapana, visima vingi vya pwani vina chumvi. Najua watu wanashangaa nikiwaambia waoshe kwa maji kitu kilicholowa maji, lakini kinachoua hapa ni chumvi. Maji yataondoka yenyewe, chumvi itabaki juu ya bodi, na kwa hewa yetu ya Dar itavuta unyevu usiku na mchana. Mchele hauondoi chumvi, unaacha unga tu. Wateja wengi wananiletea rimoti zilizolala kwenye mchele. Nikiiweka chini ya lenzi nakuta ukungu wa kijani kwenye miguu ya vitufe, na mguu mmoja umeshakatika. Inauma, kwa sababu kuisuuza mapema kungetosha.

Ukifika nyumbani, nunua spiriti duka la dawa, kali kuliko zote walizonazo. Sugua bodi pole pole kwa mswaki laini, kisha iache mbele ya feni usiku kucha. Usiianike kwenye dashibodi juani wala usitumie mashine ya kukaushia nywele, plastiki na mpira wa vitufe vitajikunja.

DogoMbagala
Fundi nidandie hapo hapo. Yangu ni ya kuchomeka na kuzungusha, ililoa mvua. Gari linawaka vizuri ila rimoti haifungui milango. Chipu imekufa?

FundiGerezani
Hapana mdogo wangu. Likiwaka, chipu ni nzima. Hiyo ni betri au kitufe, usikubali kuuziwa ufunguo mpya. Fungua, safisha kwa spiriti, badili betri kwanza.

MamaNuru
Limewaka! King'ora kililia kweli, watu wote wakageuka, kikanyamaza. Nimesuuza kwa chupa mbili za maji, betri iko pembeni. Tuko foleni ya kivuko sasa. Mungu akubariki kaka. Betri mpya ninunue ipi?

FundiGerezani
Soma namba mgongoni mwa hiyo uliyoitoa, kuna CR2032 na CR1632, zote volti 3 na unene sawa, ila upana tofauti. Usiirudishe ya zamani. Na usizime gari ukiwa kivukoni bila rimoti mkononi. Baba watoto akirudi, njooni na funguo zote mbili tuwatengenezee wa tatu. Kuongeza ufunguo wakati mzima upo ni kazi ndogo na nafuu, zikifa zote ndipo gharama inapanda.

MamaNuru
Tutakuja. Spiriti nimeshaagiza, kijana wangu mkubwa anaifuata dukani.