Tumelipia ngome za njia ya misafara Bagamoyo hadi Ujiji, tumeishia kutazama lami

Wakuu, nina hasira na leo sizimezi.

Mwezi uliopita tulikuwa watu 14 kwenye Kosta, safari ya siku 6 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Kampuni siitaji. Ratiba yao ninayo hadi sasa, imeandikwa "ngome na maboma ya njia kuu ya misafara", na imetaja Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara (karibu na Tabora). Nililipa pesa yote mapema kwa sababu ya majina hayo matatu. Bagamoyo naweza kwenda Jumapili yoyote.

Bagamoyo hawakutuangusha: Ngome Kongwe, Caravanserai, boma la Wajerumani, vyote tuliviona. Lakini kufika Mbande, njia panda ya Kongwa na Mpwapwa, dereva hakupunguza hata mwendo. Nikauliza, "Kaka, si tunakata hapa?" Mwongoza watalii akadakia kwamba tutachelewa Dodoma. Mpwapwa hiyo! Ndipo misafara ilipopumzika na kujaza maji kabla ya kukata Marenga Mkali, nyika kavu ya kuingilia Ugogo. Ndipo Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, alipokivamia kituo cha Wajerumani mwaka 1889. Tukapita kama tunapita kituo cha mafuta.

Manyoni tulisimama dakika 40, watu wale na wachimbe dawa. Boma la Kilimatinde liko jirani na hapo, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Hatukwenda.

Kilichoniuma zaidi ni Kwihara. Tuliingia saa 1 usiku, giza limeshatanda, lile tembe (nyumba ya udongo) walimokaa wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley mwaka 1872 limeshafungwa. Kwenye gari tulikuwa na mama mmoja mtu mzima, Mnyamwezi, babu wa bibi yake alikuwa mpagazi, amebeba pembe begani kutoka huko hadi pwani. Alishuka peke yake, nikamfuata namulika kwa tochi ya simu. Akaweka kiganja kwenye nakshi za mlango, akakitembeza taratibu hadi chini, kisha akaniambia, "Mwanangu, nirudishe kwenye gari." Hakusema neno jingine hadi tunalala.

Asubuhi nikamwomba mwongoza watalii angalau atusimulie habari za Mtemi Isike. Hapo hapo Unyanyembe, eneo la Tabora alilotawala, mwaka 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake, Isike alilipua ghala la baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa. Jibu nililopewa: "Hiyo sikuandaliwa." Unawapeleka watu kwenye njia ya misafara na Isike humjui? Urambo kwa Mtemi Mirambo, aliyeifunga njia hii mwaka 1871 hadi Stanley akalazimika kuzunguka kusini, tulipita watu wamelala.

Nimewaandikia mara tatu nikidai sehemu ya pesa zetu. Wamejibu mara moja tu, kwamba "lengo kuu la safari, Ujiji, lilifikiwa". Hawa wapagazi walitembea miezi mitatu na zaidi, halafu wewe uniambie katikati hakuna kitu?

Naomba mwenye dereva anayezijua njia za Mpwapwa na Kilimatinde aniunganishe naye PM. Na yule mama nataka kumrudisha Kwihara mchana, mlango ukiwa wazi, kabla mvua hazijaanza.