Naomba ushauri: katika ubongo wa nyuki, ninapima kazi au ninapima umri?

Mwanafunzi wa Mzinga (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, salaam. Nasoma biolojia, mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, na katika mradi wangu wa maabara ninalinganisha ubongo wa nyuki walezi, wale wanaolisha majana (watoto wa nyuki), na ubongo wa wakusanyaji wanaotoka kutafuta mbochi na chavua. Ninapima ujazo wa miili ya uyoga, sehemu ya ubongo inayohusika na kujifunza na kumbukumbu, ambayo Félix Dujardin aliieleza mwaka 1850.

Nimeshapima nyuki 22, na wastani wa wakusanyaji umewazidi walezi. Hata hivyo, msimamizi wangu alipolitazama jedwali aliniuliza swali ambalo limeninyima usingizi: ikiwa walezi wako wana siku 8 na wakusanyaji wamepita siku 20, umejuaje kwamba tofauti hii imeletwa na kazi na si umri? Sikuwa na jibu. Zimesalia wiki kumi. Je, nianze upya? Pia ubongo wa nyuki saba ulichanika nilipokuwa nikiutoa, na sijui ninakosea wapi.

Hadubini

Ndugu, swali hilo lina njia yake. Chukua fremu za majana yaliyofunikwa, ziweke kwenye inkubeta ya nyuzijoto 34, na nyuki wote watakaotoka ndani ya saa 24 uwatie alama ya rangi. Kisha weka elfu moja au zaidi kati yao katika mzinga mdogo pamoja na malkia, bila nyuki mkubwa hata mmoja. Kwa kuwa hakuna wakubwa wa kwenda porini, baadhi ya wadogo huanza kukusanya wakiwa na umri wa takriban wiki moja, ilhali kwa kawaida wangesubiri hadi karibu wiki ya tatu. Hapo utapata walezi na wakusanyaji waliozaliwa siku moja.

Ginger Withers, Susan Fahrbach na Gene Robinson walitumia nyuki wa namna hiyo katika utafiti waliouchapisha mwaka 1993, na wakusanyaji hao wa mapema nao walionyesha mabadiliko katika miili ya uyoga. Lakini usitarajie jibu la ndiyo au hapana, kwa sababu baadaye ilionekana kwamba hata nyuki waliofungiwa gizani bila kuruka kamwe, miili yao ya uyoga hukua kadiri siku zinavyopita. Umri una sehemu yake na kazi ina sehemu yake, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye utamu wa mradi wako. Wale 22 usiwatupe. Waingize kwenye ripoti kama hatua ya kwanza.

Mshika Kibano

Nami nijibu la kuchanika. Ubongo wa nyuki una takriban neuroni (seli za neva) milioni moja ndani ya kitu kinacholingana na mbegu ya ufuta, na ukiwa mbichi ni laini kama ute wa yai, kwa hiyo ukiugusa moja kwa moja umeshauharibu. Mpoze nyuki kwenye barafu hadi atulie kabisa, kata kichwa, kisimamishe kwenye nta uso ukiwa juu, kisha ukifunike kwa maji ya chumvi ya maabara. Fungua dirisha kati ya macho makubwa, kuanzia juu ya mashina ya papasi (vipapasio vya kichwani) hadi kwenye vijicho vitatu vya utosini. Usiutoe ubongo bado: kiache kichwa chote ndani ya paraformaldehaidi, dawa ya kuhifadhi tishu, ya asilimia 4 usiku kucha kwenye jokofu, nao utakaza.

Kesho yake utaona mirija ya hewa inayong'aa kama fedha juu ya ubongo. Ishike pembeni kwa kibano na uinyanyue taratibu kwenda juu. Wengi huivuta kuelekea kwao, na ubongo hufuata. Upande wa macho usivute kabisa, kata kwa mkasi mdogo.

Utakuta pia tezi nyeupe zilizojipanga kama vichala vya zabibu. Kwa mlezi huwa zimenona, kwa mkusanyaji huwa zimenywea. Ziandike kwenye daftari kabla ya kuziondoa, maana zitakuthibitishia kwamba uliyemwita mlezi alikuwa mlezi kweli.

Takwimu Kwanza

Je, hao 22 walitoka mzinga mmoja? Kama ndivyo, ni ndugu wa mama mmoja, na hata ukipima mia bado utakuwa unaueleza mzinga huo tu. Tafuta mizinga mitatu, mwombe mwenzako aziandike picha kwa namba ili usijue unampima nani, na ubongo wa walezi na wa wakusanyaji uutie dawa kwa pamoja, kwani ethanoli (alkoholi ya maabara) huzifanya tishu zisinyae na kila awamu husinyaa kivyake.

Mwanafunzi wa Mzinga

Nashukuru kwa dhati. Ni kweli, walitoka mzinga mmoja, na hilo sikulifikiria. Kesho asubuhi nitamwomba msimamizi fremu za majana kutoka mizinga mitatu, na vichwa vya leo nimekwisha kuviweka kwenye jokofu, madirisha yakiwa wazi.