Nipo Australia kwa viza ya likizo na kazi, kozi gani itanifikisha kwenye PR, yaani ukaazi wa kudumu?

Nahodha wa Bara:
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Adelaide kwa viza ya likizo na kazi, namba 417, imebaki wiki saba iishe. Napika kwenye mgahawa mmoja mjini, huu ni mwezi wangu wa tano hapo. Nataka kubaki. Wakala kaniambia njia rahisi ni kuingia viza ya mwanafunzi, nisome chuo cha ufundi, PR itanikuta mbele ya safari. Mezani kuna mbili: Diploma ya Uongozi na Usimamizi, darasani siku mbili kwa wiki, ada nafuu, au upishi, yaani Cheti cha III, kisha cha IV, kisha diploma, ada karibu mara mbili. Mimi naegemea ya kwanza ili nipate nafasi ya kazi. Usingizi umekata. Ushauri wakuu, ila tusivunjane moyo.

Msumeno84:
Uongozi haukufikishi popote. Ukimaliza chuo cha ufundi, viza inayofuata ni 485, ya muda kwa wahitimu, na hiyo inataka masomo yako yafungamane na kazi iliyo kwenye MLTSSL, orodha ya serikali ya kazi zinazohitajika kwa muda mrefu. Shefu, namba 351311, yumo. Mpishi wa kawaida, 351411, hayumo, ndiyo maana Cheti cha III peke yake hakitoshi. Diploma ya uongozi haina kazi ya kuifunga nayo kwenye orodha ile. Watu huisoma, wanaongeza diploma ya juu ya kitu kilekile, kisha masoko, miaka minne imekwenda, na kila ombi jipya ofisa anauliza ulikuwa unasoma au unanunua siku. Tangu Machi 23, 2024 maombi yana maswali ya kuthibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi wa kweli. Mpishi anayehamia uongozi ajiandae kujieleza.

Shangazi Posta:
Kila kijana anataka kubaki ugenini, mkonge wa Tanga atauvuna nani? Mwanangu, riziki haina pasipoti.

Kibatari:
Shangazi, mkonge una wenyewe 😂 Nahodha, huko pilau mnauza sahani bei gani?

Kitumbua Baridi:
Samahani kwa kuingilia uzi. Nina mdogo wangu Morogoro, amemaliza VETA, uchomeleaji. Naye anaweza kuanza na hiyo viza ya likizo na kazi kama Nahodha, halafu chuo akikute hukohuko?

Nahodha wa Bara:
Msumeno84 nakuelewa, ila mpango wa wakala ni kuanza na uongozi, halafu miezi miwili mitatu nihamie upishi. Kwa hiyo mwisho wa yote nitakuwa upishi tu. Na kishika nafasi nimeshalipa, dola 2,400, kwa hiyo si rahisi kugeuka.

Msumeno84:
Aa, kumbe umeshalipa. Hilo ulitakiwa uanze nalo.

Huo mpango unakwama mara mbili. Kwanza, ndani ya miezi sita ya mwanzo ya kozi kuu huhami chuo bila chuo chenyewe kukuachia. Pili, sharti namba 8202 la viza ya mwanafunzi linakutaka ubaki kwenye ngazi ileile ya kozi uliyopewa viza au juu yake. Diploma ni ngazi ya 5, Cheti cha III ni ngazi ya 3. Ukishuka umevunja sharti, unaomba viza upya, na ada ya ombi tangu Julai 1, 2025 ni dola 2,000. Ukikataliwa hairudi.

Wanaotaka upishi hufunga kifurushi chote tangu siku ya kwanza: III, IV na diploma kwenye ombi moja, viza moja. Na uthibitisho wa usajili, CoE, uwe mkononi kabla hujatuma. Tangu Januari 1, 2025 barua ya kukubaliwa haitoshi kwa aliyeko ndani ya Australia.

Bi Hesabu:
Naongezea upande wa jikoni, maana hapo ndipo wengi humwaga unga. Masomo yawe na wiki 92 zilizosajiliwa na yachukue si chini ya miezi 16 ya kalenda. Wakati wa masomo, mwisho wako ni saa 48 za kazi kwa wiki mbili. Ukimaliza una miezi sita ya kuomba 485, na siku ya kuomba uwe na cheti cha polisi wa shirikisho na bima ya afya tayari.

Kabla ya hapo TRA, taasisi ya serikali inayopima ujuzi wa fani, wanafanya tathmini ya awali, wanataka saa 360 za kazi au mafunzo kazini kwenye fani hiyohiyo. Ukipata 485 unakaa miezi 18, na ndani yake unatafuta saa 1,725 za kazi ya malipo, zisizopungua miezi 12. Ukifikisha miezi 6 na saa 863, mtathmini anakuja jikoni kukuangalia. Kinachowaangusha wengi ni makaratasi: hati za mshahara hazina idadi ya saa, bosi analipa nusu taslimu, au cheo kimeandikwa "msaidizi wa jikoni" wakati kazi inayofanyika ni ya shefu. Kukosha sufuria hakuhesabiwi hata ukikosha miaka mitatu.

Msumeno84:
Kitumbua Baridi, mdogo wako kwa pasipoti ya Tanzania hawezi kuanza na 417. Aombe viza ya mwanafunzi, namba 500, akiwa hapo nyumbani: mtihani wa Kiingereza, IELTS, alama 6.0, ushahidi wa dola 29,710 za kuishi mwaka mmoja, ukiongeza ada na nauli, na bima ya afya.

Jicho la Kobe:
Ngoja kwanza. Rudieni hiyo sentensi ya mwisho ya Msumeno.

Kama mdogo wake Kitumbua hawezi kupata 417, Nahodha kaipataje? Viza hizi zipo mbili, 417 na 462, na kila moja ina orodha yake ya nchi. Uingereza, Kanada, Ayalandi, Ufaransa, Ujerumani wapo 417. Marekani, Indonesia, Brazili wapo 462. Hakuna nchi hata moja ya Afrika kwenye zote mbili. Hii ni chai wakuu, tena ya rangi. Mtu kasoma kwenye mtandao, kaja kutuchosha.

Kibatari:
Chai ya rangi na kitumbua tayari kipo uzini. Nimevuta kiti.

Shangazi Posta:
Mie nilijua. Mwanamaji na bara wapi na wapi?

Kitumbua Baridi:
Jamani mbona mmenikumbuka kwenye kunywa tu? Kwa hiyo huo uchomeleaji upo kwenye orodha au haupo?

Nahodha wa Bara:
Jicho la Kobe acha hizo. Nimezaliwa Tanga, nimekulia Leicester, pasipoti ninayosafiria ni ya Uingereza. Sikuona kama ina umuhimu, nimeuliza kozi.

Jicho la Kobe:
Haina umuhimu? Mkuu, pasipoti ndiyo uzi wenyewe. Chai nimeirudisha birikani, ila moto siuzimi.

Bi Hesabu:
Sasa tumeanza upya, na safari hii nimetulia.

Tangu Julai 1, 2024 mwenye pasipoti ya Uingereza anaweza kupata viza tatu za 417, mwaka mmoja kila moja, bila kwenda shamba. Wengine wanachuma matunda siku 88 ili wapate ya pili na miezi sita ili wapate ya tatu. Wewe hudaiwi hata siku moja. Hizo wiki saba zinazokukosesha usingizi zinamalizwa kwa kuomba 417 ya pili ukiwa hapohapo Adelaide. Kwa hiyo haraka ya chuo inatoka wapi? Na kabla hujajibu: una miaka mingapi?

Nahodha wa Bara:
Wakala hakunitajia ya pili. Yeye alisema nikichelewa na chuo, niombe viza ya utalii kwanza kununua muda. Umri wangu unaruhusu, sijazidi.

Msumeno84:
Usiguse viza ya utalii! Tangu Julai 1, 2024 mwenye viza ya utalii haruhusiwi kuomba ya mwanafunzi akiwa ndani ya nchi. Mwenye 417 bado anaruhusiwa. Ukibadili umejifungia mlango mwenyewe, kisha unakata tiketi kwenda kuomba nje.

Bi Hesabu:
Sijauliza kama umri unaruhusu. Nimeuliza miaka mingapi.

Nahodha wa Bara:
34.

Bi Hesabu:
34 na miezi?

Nahodha wa Bara:
Tisa. Lakini wakala amenihakikishia umri unahesabiwa siku ya kuanza masomo, na hapo nitakuwa sijagusa hata 35. Tena kuna chuo kinabana kozi yote kwenye miezi 16.

Bi Hesabu:
Basi hapo ndipo penye shimo. Ukomo wa 485 ni miaka 35, na unapimwa siku unayotuma ombi la 485 lenyewe. Chukua miaka 34 na miezi 9, ongeza ile miezi 16 ambayo kisheria huwezi kuipunguza: unapata 36 na mwezi mmoja. Hiyo ni kama darasa lingeanza kesho asubuhi na usifeli hata somo moja. Ukisoma kwa mwendo wa kawaida unatoka na 36 na miezi kadhaa. Iwe uongozi, iwe upishi, 485 huipati, na bila 485 hizo saa 1,725 utazifanyia wapi?

Kibatari:
Nimeweka birika chini. Hii sasa siyo ya kucheka.

Msumeno84:
Nahodha, huyo wakala ni wa vyuo au wa uhamiaji? Wakala wa vyuo hulipwa kamisheni na chuo, na kisheria haruhusiwi kutoa ushauri wa uhamiaji. Mwenye ruhusa ana namba ya usajili ya MARA, mamlaka inayosajili mawakala wa uhamiaji, tarakimu saba, na daftari lao lipo wazi mtandaoni. Muombe namba. Kuhusu 2,400, soma mkataba wako ukurasa wa marejesho kabla hujaandika chochote kwao. Kiwango hubadilika kadiri siku ya kuanza masomo inavyokaribia, kwa hiyo kujitoa kufanyike kwa maandishi, mapema.

Nahodha wa Bara:
Ni wa vyuo. Lakini amewasaidia wengi hapa, siyo mtu mbaya. Na miaka yangu minne ya ushefu kule Leicester si inaweza kuhesabika chuoni, nikafupisha?

Bi Hesabu:
Ukifupisha unapoteza zile wiki 92. Halafu hiyo miaka minne umeitaja leo, posti ya ngapi hii! Kumbe chuo hukihitaji.

Wewe ni wa viza ya mwajiri, 482. Inataka mwaka mmoja wa kazi hiyo ndani ya miaka mitano iliyopita. Leicester inatosha kama una barua za kazi na hati za mshahara. Mshahara usipungue dola 76,515 kwa mwaka, kiwango kilichoanza Julai 1, 2025, na jikoni nyingi ndogo hapo ndipo zinapoinama. Mwajiri asajiliwe kama mdhamini, dola 420, atangaze nafasi siku 28, alipe ada ya uteuzi 330 na tozo ya mafunzo: 1,200 kwa kila mwaka wa viza kama mauzo yake hayafiki milioni 10, au 1,800 kama yanafika. Hizo ni zake. Akikwambia mchangie, au akate kidogo kidogo kwenye mshahara, amevunja sheria. Miaka miwili kwa mdhamini, mnaingia 186, ambayo ni ukaazi wa kudumu, na ukomo wake wa umri ni chini ya 45.

Mpangilio: omba 417 ya pili wiki hii. Ya tatu iombe kabla hujatimiza 36. Na kumbuka kwenye 417 huruhusiwi kuzidi miezi sita kwa mwajiri mmoja sehemu moja, nawe upo wa tano. Kama bosi ana tawi jingine, akuhamishie huko, miezi inaanza kuhesabiwa upya.

Jicho la Kobe:
Mimi niliyesema chai naomba niongeze moja ya bure. Akitaka pia PR kwa njia ya alama, bila mwajiri, Kiswahili kinalipa. Mtihani wa lugha za jamii wa NAATI, mamlaka ya wakalimani na watafsiri wa Australia, upo wa Kiswahili, unatoa alama 5. Mazungumzo mawili ya maneno 300 hivi kila moja, unatafsiri kwa mdomo pande zote mbili. Jumla ni 90, ufikishe 63, na kila zungumzo lisishuke chini ya 29. Pasipoti ya Uingereza kwenye Kiingereza inampa alama sifuri, mpaka afanye mtihani kama wenzake. Hapo huwa wanashangaa sana.

Shangazi Posta:
Wa Leicester huyo, kwenye Kiswahili atatafsiri "riziki" kuwa mchele.

Kitumbua Baridi:
Bado nasubiri la uchomeleaji.

Nahodha wa Bara:
Nimewasoma wote, asanteni. Bosi ana tawi Glenelg, nitamwuliza kesho. Ila chuo wameniita Jumatatu saa nne kusaini, na nimeshawaahidi. Naenda kuwasikiliza tu.

Bi Hesabu:
Nenda, lakini usibebe kalamu.