Naomba ushauri: nina data za mizigo inayovuka ziwa, naanzaje kuzichambua nijue inakwama wapi?

Mpenda_Takwimu:
Wakuu habari za muda huu. Niko Kigoma mjini, ofisi yetu ni ya uwakala wa mizigo ya kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura, saruji na vyakula hasa. Bosi anataka kujua kwa nini mizigo mingine inatoka chap na mingine inalala ghalani mpaka wateja wanapiga simu usiku. Kanipa faili la Excel la mwaka mzima, kila mstari una namba ya mzigo, hatua (nyaraka zimepokelewa, kadhia yaani tamko la mzigo kwa forodha imeingizwa, malipo, ukaguzi, kupakia), jina la aliyeingiza, tarehe na saa. Wastani wa siku kwa kila hatua nimeshapata ila hauniambii kitu, nikaiweka kwenye Disco, programu inayochora mizigo ilivyopita hatua kwa hatua, ikanichorea ramani ya mishale imepishana kama utando wa buibui. Nyie mnaochambua michakato ya kazi mkipewa data kama hii mnaanzia wapi? Naitaka ripoti iwe ya kweli maana kuna watu watalaumiwa humo.

Fundi wa Data:
Mkuu una namba ya mzigo, hatua na muda, hivyo vitatu ndo msingi wa hii kazi, uko vizuri. Hiyo ramani ifunge kwanza. Chukua mzigo mmoja uliotoka haraka, mmoja wa kawaida na mmoja uliolala, isome mstari kwa mstari toka nyaraka mpaka kupakia. Alafu chora chati ya nukta, kila mzigo mstari wake, kila hatua nukta yake, muda unaenda kulia. Ukikuta nukta zimejipanga wima, yani mizigo kibao imefanyiwa ukaguzi dakika zilezile, ujue hapo ukaguzi haukufanyika saa hiyo, karani alikusanya makaratasi ya wiki nzima akayaingiza Ijumaa jioni. Sasa we ukiandika ukaguzi unachukua siku nne kumbe unapima siku karatasi ilizokaa mezani, na hapo ndo watu wanasingiziwa.

Mama Ujiji:
Naongezea kwenye saa mwanangu. Angalia matukio ya 2:00. Watu wetu wanaandika 2:00 wakimaanisha saa mbili asubuhi, kompyuta inaelewa saa nane usiku. Na Bujumbura na Kongo ya upande wa ziwa wako nyuma yetu saa moja, kwa hiyo wakala wa kule akipokea nyaraka dakika ishirini baada ya wewe kutuma, kwenye faili itasomeka kapokea kabla hujatuma.

Mpenda_Takwimu:
Mama shikamoo, na asante sana. Nimefungua sasa hivi, kupakia kwa 2:00 zimejaa! Nizigeuze zote ziwe asubuhi?

Mama Ujiji:
Marahaba. Zote hapana, meli ikichelewa watu wanapakia usiku kweli. Omba daftari la getini ulinganishe. Na fanyia kwenye kopi, faili la bosi usiliguse.

Kijana wa Mwanga:
Mi naona mnamchosha tu, bosi anataka namba, mpe wastani amalize.

Reli ya Kati:
Hapana ndugu, wastani unavutwa na mizigo michache iliyolala miezi, tumia mediani, yani namba ya katikati ukizipanga toka ndogo mpaka kubwa, alafu ile michache itazame peke yake. Nipo Tabora, nimefanya hii kazi kwenye manunuzi ya asali. Mleta uzi, ramani yako imevurugika kwa sababu umechanganya kila kitu, chuja Kalemie pekee, Bujumbura pekee, kisha panga njia, yani mfuatano wa hatua, kwa idadi ya mizigo iliyozipita, mara nyingi njia chache za juu ndo zinabeba mizigo mingi. Ukishazielewa rudi kwenye zinazojirudia, kadhia imeingizwa, imerudishwa, imeingizwa tena, mi ningekaa sana hapo. Ondoa pia mizigo iliyokuwa katikati ya safari mwaka ulipoanza na ulipoisha, hiyo inadanganya muda. Na swali lako litabadilika njiani, hiyo ni sawa kabisa, mtakwimu John Tukey wa Marekani alikuwa anasisitiza toka miaka ya 70 kwamba data uitazame kwanza ndo uje kuthibitisha. Andika kila swali, ulichochuja na ulichoona, maana ukirudi wiki ijayo hutakumbuka ile picha uliipataje. Ukiona kitu cha ajabu mpelekee anayefanya hiyo kazi muulize kabla hujakiita tatizo. Disco ni ya kulipia, ukibanwa kuna programu ya ProM ya akina Wil van der Aalst, mtafiti wa uchambuzi wa michakato, ilianzia Eindhoven Uholanzi, hiyo bure, au pm4py kama unajua Python, lugha ya kuandikia programu.

Mpenda_Takwimu:
Nimechuja Kalemie, zinazorudi kwenye kadhia nyingi ni za mzigo mchanganyiko, saruji tupu inapita moja kwa moja. Kesho asubuhi naenda kukaa na dada wa nyaraka anioneshe zile zilizorudishwa zilikosewa wapi. Nikileta faili hapa kuna atakayenisaidia kuangalia?

Fundi wa Data:
Usilete faili humu mkuu, lina majina ya wateja na ya wafanyakazi wenzako. Badili namba za mizigo, futa majina, acha hatua na muda tu, alafu omba ruhusa ya bosi. Ukipata, weka hata mizigo hamsini ya Kalemie tuitazame pamoja.