Harufu mbaya ya kinywa na "moto wa tumbo": tiba ya Kichina inasema nini?

Mkaaji wa Kampemba

Ndugu zangu, ninawasalimu kutoka Lubumbashi. Tangu ajifungue, wiki chache zilizopita, mke wangu anasumbuliwa na harufu mbaya ya kinywa ambayo haiondoki hata akipiga mswaki asubuhi na jioni. Akila bukari tumbo hujaa gesi, hucheua maji machungu, na choo chake ni kigumu. Jirani alimpeleka kwa mganga wa Kichina hapa mjini, ambaye alimtazama ulimi, akashika mishipa ya mikono yote miwili, akasema kwamba tumbo lina moto. Alimpa chupa ya vidonge vidogo vyeusi ambayo maandishi yake yote ni ya Kichina. Ninaomba kuelezwa "moto wa tumbo" ni kitu gani katika elimu hiyo, na kama mama anayenyonyesha anaweza kumeza dawa hizi bila hofu.

Aliyesomea Guangzhou

Baba, pongezi kwa mtoto. Katika elimu ya Kichina, tumbo na wengu hufanya kazi pamoja: tumbo hupokea chakula na kukishusha, wengu hupandisha kile chenye faida mwilini, na kinywa huhesabiwa kuwa mlango wa wengu. Nguvu ya tumbo inayotakiwa kushuka ikigeuka na kupanda juu, mtu hucheua, hupata kwikwi au kichefuchefu, na harufu ya kile kilichokwama hutokea mdomoni. Ndiyo sababu mganga alitazama sana katikati ya ulimi, ambapo hali ya tumbo na wengu husomwa, na alipogusa sehemu ya katikati ya mshipa kwenye kifundo cha mkono wa kulia alikuwa akitafuta habari za viungo hivyohivyo viwili.

"Moto wa tumbo" ni jina la dalili zinazokwenda pamoja, wala si ugonjwa mmoja unaoonekana kwa mashine: kiu ya maji baridi, njaa ya haraka, fizi zilizovimba au zinazotoa damu, choo kigumu, ulimi mwekundu wenye utando wa manjano. Dawa yake ya zamani ni Qing Wei San, inayotokana na mafundisho ya Li Dongyuan (1180–1251), tabibu aliyeona kwamba magonjwa mengi huanzia kwenye tumbo na wengu. Hata hivyo kucheua maji machungu na kujaa gesi baada ya kula huelekea pia upande mwingine, yaani chakula kilicholala tumboni, ambapo utando wa ulimi huwa mzito na wenye utelezi, na dawa inayotumika ni Bao He Wan, yenye tunda la shanzha, mbegu za figili na maganda makavu ya chenza. Hali hizi mbili hazitibiwi kwa njia moja, nami siwezi kuzipambanua bila kuuona ulimi wa mama.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kunyonyesha. Qing Wei San ina huanglian, mzizi mchungu wenye kemikali ya berberini, na berberini inaweza kuzidisha umanjano wa mtoto mchanga, hasa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao ni wa kawaida katika nchi zenye malaria kama yetu. Singapore iliipiga marufuku berberini mwaka 1978 kwa sababu hiyo, ikaja kuiruhusu tena baada ya miaka mingi. Mafundisho ya Kichina yenyewe humtaka mama aliyetoka kujifungua akae katika joto na ajiepushe na dawa kali zinazopoza mwili, na huanglian ni mojawapo. Mganga alipaswa kuuliza habari za mtoto kabla ya kutoa chupa.

Mtumishi wa kliniki ya meno, Katuba

Ninaomba niongeze upande wa kinywa, kwa maana sehemu kubwa ya harufu mbaya huanzia hapo hata pale tumbo linapolaumiwa. Bakteria wanaokaa nyuma ya ulimi na chini ya fizi huvunjavunja mabaki ya chakula na kutoa gesi za salfa, ambazo ndizo zinazonuka. Mama mjamzito hupata kwa urahisi fizi zinazovuja damu, na hali hiyo inaweza kuendelea baada ya kujifungua. Basi apimwe fizi, aondolewe ukoga uliokauka, na asugue ulimi hadi nyuma.

Hapa pana jambo la kupendeza: utando uleule tunaomwambia mgonjwa auondoe ndio mganga wa Kichina anaotaka kuusoma, naye humwomba asiusugue asubuhi ya siku ya kupimwa.

Maji machungu yakiendelea, aombe kipimo cha Helicobacter pylori, bakteria wa tumboni ambao Barry Marshall na Robin Warren walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba husababisha vidonda vya tumbo. Hupimwa kwa kinyesi au kwa pumzi.

Mkaaji wa Kampemba

Ninawashukuru sana. Vidonge tumevisimamisha leo. Je, tutajuaje vina nini ndani?

Aliyesomea Guangzhou

Mrudieni mganga na kumwomba aandike jina la kila mmea kwa herufi za Kilatini, kisha mpeleke chupa na karatasi hiyo kwa daktari. Asipokubali kuandika, vidonge visimezwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wagonjwa zaidi ya 100 wa kliniki ya kupunguza unene huko Brussels waliharibika figo kwa sababu mmea wenye asidi ya aristolokiki ulitolewa mahali pa mwingine wenye jina linalokaribiana nao. Na mtoto mtazameni leo kwenye mwanga wa jua, weupe wa macho na ngozi; mkiona umanjano, au akisinzia sana na kukataa kunyonya, msingoje kesho kumpeleka hospitali.